SOMO LA WIKI: Kompyuta inapohamisha hesabu, mwenye hisa aangalie nini?

Wafanyabiashara na wawekezaji wengi wadogo husoma mstari mmoja tu wa taarifa ya kampuni: faida ni kiasi gani. Ni wachache wanaojiuliza tarakimu hiyo imetoka wapi. Katika kampuni kubwa haikuandikwa na karani kwenye leja. Imetolewa na programu ya kompyuta, nayo programu hiyo imelishwa hesabu kutoka kompyuta nyingine. Njia hiyo ikiwa na tundu, fedha za mwenye hisa huvuja hapo. Wiki hii tunaeleza jinsi ripoti zinavyotengenezwa na hesabu zinavyohamishwa, ili msomaji ajue la kuuliza.

Programu ya kampuni nzima

Zamani kila idara ilikuwa na kompyuta yake: mauzo mbali, stoo mbali, uhasibu mbali. Programu za kampuni nzima huunganisha yote hayo. Inayojulikana zaidi ni ya kampuni ya SAP ya Ujerumani, iliyoanzishwa mwaka 1972 na watu watano waliotoka IBM. Toleo lake la R/3, lililotoka mwaka 1992, lilienea katika viwanda vingi duniani. Mzigo ukitoka stoo, idadi inapungua papo hapo. Ankara ikiandikwa, deni la mteja linaongezeka na leja kuu inabadilika.

Lugha ambayo wataalamu huitumia kuandika programu ndani ya mfumo huo huitwa ABAP. Herufi hizo zilitokana na maneno ya Kijerumani yenye maana ya chombo cha jumla cha kuandaa ripoti, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya awali. Ripoti hufanya mambo matatu: huchagua kumbukumbu, huzijumlisha, kisha huzipanga zisomeke.

Hatari ya ripoti ni kwamba ikikosea haipigi kelele. Inachapisha karatasi safi yenye jumla chini. Chukua mfano wa yen ya Japani, ambayo haina senti. Mfumo wa SAP huhifadhi fedha zote kana kwamba zina sehemu mbili za senti, hivyo yen 1,000 hukaa ndani kama 10.00. Mwandishi wa programu asipoiambia ripoti kuwa fedha hii ni yen, itachapisha 10.00, yaani mara mia pungufu.

Njia mbili za kuhamisha

Kampuni inapoacha mfumo wa zamani, au inapopokea hesabu kila usiku kutoka matawi, kuna njia kuu mbili. Ya kwanza, programu hujifanya karani: inafungua kila ukurasa wa kompyuta na kujaza nafasi kama mtu angefanya. Njia hii ni ya polepole, lakini ukaguzi wote wa mfumo unafanya kazi, na kumbukumbu yenye kasoro hukataliwa na kuwekwa pembeni. Ya pili huingiza hesabu moja kwa moja bila kupitia kurasa. Ni ya haraka, ila ukaguzi lazima uwe umeandikwa ndani ya programu yenyewe.

Kumbukumbu zilizokataliwa hazipotei; hubaki kwenye orodha zikisubiri mtu azisahihishe. Asipotokea mtu huyo, deni la mteja halipo kwenye leja mpya na hakuna atakayelidai.

Tuchukue mfano wa kubuni. Leja ya zamani ina wadaiwa 1,200 wenye jumla ya Sh 48,650,000. Baada ya kuhamisha, mfumo mpya una wadaiwa 1,197 na Sh 47,900,000. Watatu wamekosekana na Sh 750,000 haina mwenyewe. Anayelinganisha idadi na jumla ataona siku hiyo hiyo. Asiyelinganisha ataona mwisho wa mwaka, wakati wadaiwa hao wameshahama mtaa. Aidha, idadi ikisoma 2,400, ujue faili limeingizwa mara mbili.

Kulinganisha idadi peke yake hakutoshi. Wajerumani hutumia nukta kutenganisha maelfu na mkato kutenganisha senti, wakati Waingereza hufanya kinyume. Faili lenye 1.250 likisomwa Kijerumani ni elfu moja mia mbili na hamsini. Likisomwa Kiingereza ni moja na robo. Tarehe nazo ni hivyo hivyo: 03/04 kwa Mwingereza ni Aprili 3, kwa Mmarekani ni Machi 4, na ankara hubadilika muda wa kulipwa. Kwa hiyo hulinganishwa idadi, jumla ya fedha, na sampuli ya kumbukumbu zinazosomwa moja moja dhidi ya karatasi.

Yaliyoipata Hershey

Mwaka 1999 kampuni ya peremende na chokoleti ya Hershey ya Marekani iliwasha mfumo mpya uliogharimu dola milioni 112. Ulikuwa na programu tatu za makampuni tofauti, SAP ikiwa mojawapo, zilizopaswa kupeana hesabu. Kazi iliyokadiriwa miaka minne ilibanwa iishe kwa miezi 30. Kuwashwa kulichelewa kutoka Aprili hadi Julai, msimu ambao maduka huanza kuagiza kwa ajili ya Halloween.

Peremende zilikuwepo, lakini oda hazikutoka inavyotakiwa. Kwa mujibu wa habari za wakati ule, sehemu ya mzigo ilikuwa katika vyumba vya akiba ambavyo mfumo haukuwa umeelezwa kuwa ni stoo. Mzigo wa dola milioni 100 hivi haukuwafikia wateja kwa wakati. Kampuni ilipotangaza tatizo hilo Septemba, hisa zilishuka zaidi ya asilimia 8 kwa siku moja, na faida ya robo ya tatu ikapungua kwa karibu asilimia 19.

Hata hivyo, mwaka 2002 kampuni hiyo hiyo ilipanda kwenye toleo jipya la SAP kwa miezi 11, kwa gharama pungufu ya bajeti, ikiwa imefanya majaribio mengi kwanza. Programu ilikuwa ya mtengenezaji yule yule.

Maswali ya mwenye hisa

Kampuni unayomiliki hisa zake ikitangaza mfumo mpya, uliza haya kwenye mkutano mkuu:

1. Mfumo utawashwa mwezi gani? Kama ni msimu wa mauzo makubwa, kuwa macho.
2. Je, wa zamani na mpya vitaendeshwa pamoja kwa muda ili kulinganisha?
3. Nani anatia saini kwamba jumla za kabla na baada zimelingana, na mkaguzi wa nje ameziona?
4. Kumbukumbu zilizokataliwa ni ngapi, na zina thamani gani?

Nawe mwenye duka unayehamia kompyuta kutoka daftari, kanuni ni hiyo hiyo. Hesabu wadaiwa, piga jumla, andika kwenye karatasi kabla ya kuanza. Ukimaliza, linganisha. Daftari la zamani usilitupe mpaka hesabu za mwaka zifungwe.