Usikate Mkindu Kabla Hujaujua



Wiki iliyopita kijana mmoja wa huku kwetu Bujora alinipeleka kuona shamba lake jipya la nyanya, bondeni upande wa ziwani. Karibu na maji kulikuwa na kichaka cha mikindu. Akaniambia, "Mtaalamu, hii miiba Jumamosi naing'oa yote, nipate matuta kumi zaidi." Nikamwambia asubiri kwanza. Somo la leo limetoka hapo.

Mkindu ni nini?
Ni ndugu wa mtende, hutoa mashina mengi kwenye kisiki kimoja na hupenda sehemu zenye maji. Miiba yake ni majani ya chini ya kuti yaliyogeuka kuwa sindano. Mizizi yake hushika udongo wa ukingo. Ukiung'oa, mvua kubwa inaanza kula ukingo, kisha inafuata shamba lako.

Sheria inasemaje?
Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza ndani ya mita 60 kutoka ziwani au mtoni shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira. Tulipima kwa kamba: kichaka chote, pamoja na matuta matatu aliyokwisha kulima, vilikuwa ndani ya mita 60. Hapo angeweza kupoteza mtaji wote.

Faida yake
Makuti machanga hutoa ukindu wa kusukia mikeka na vikapu. Ni laini kuliko miyaa ya mkoche. Makuti yaliyokomaa hutengeneza mifagio, na matunda yake madogo huliwa.

Kuvuna bila kuua
1. Vaa buti na glavu. Kata miiba ya chini kwanza. Ikikuchoma, osha kwa sabuni na uende zahanati, pepopunda siyo mchezo.
2. Kata kuti changa ambalo halijafunguka, moja tu kwa kila shina. Usiguse moyo wa mti. Shina likikatwa moyo, limekufa.
3. Acha kuti linalofuata lifunguke kabla ya kurudi.
4. Chana, anika juani hadi likauke vizuri, kisha funga mafungu. Ukindu wenye unyevu unaota ukungu.

Kama kichaka kiko ukingoni au kwenye hifadhi, pata kwanza ruhusa ya serikali ya kijiji na ofisi ya mazingira au misitu.

Kupanda wako
Panda kwenye mpaka wa shamba, sehemu yenye unyevu. Mbegu toa kwenye matunda yaliyoiva, ondoa nyama, loweka siku mbili, sia kwenye viriba. Kuota huchukua wiki nyingi, hata miezi, kwa hiyo usizitupe mapema. Unaweza pia kutenga chipukizi lenye mizizi. Mkindu hukua taratibu, usiukopee hela. Na kabla ya kupanda mingi, ongea na wasukaji wakuambie wananunua kiasi gani na urefu upi.

Kijana wangu ameyaacha yale matuta matatu na kusogea juu. Imemuuma, sifichi. Ila mikindu ipo, ukingo upo, na nyanya zake hazitaondoka na mafuriko.

Wewe shambani kwako, mita 60 zinaishia wapi? Chukua kamba ukapime.