MZIGO BANDIA: SOMO NILILOPATA GEREJI

Nachukua fursa hii kuwasimulia jinsi kompyuta kuukuu ya chama chetu ilivyoponea chupuchupu kuuzwa kama chuma chakavu, na kosa lilikuwa langu.

Kama mjuavyo, majarida yetu ya kale yamehifadhiwa katika disketi, na ni mashine hiyo pekee tuliyo nayo inayoweza kuzisoma. Diski yake kuu ilipokufa, tulitia kadi ndogo ya kumbukumbu mahali pake. Tangu siku hiyo ikawa inajizima ovyo. Nikakichomoa kisanduku cha umeme, kile ambacho mafundi hukiita pawasaplai, nikakiwasha peke yake mezani. Kimya! Feni haikuzunguka, mita ikasoma sufuri. Nikatangaza mbele ya wanachama wote, "Hiki kimekufa." Mnunuzi wa vyuma akaitwa.

Kabla hajafika, nilikipeleka kwa fundi wa nyaya za magari hapa Laare.

"Umekipa kazi gani, kijana wangu?" akaniuliza.

"Hakuna, mzee."

Akacheka. "Sasa ulitaka kifanye nini?"

Akachukua balbu ya indiketa, akaiunga kwenye waya mwekundu na mweusi. Tulipowasha, balbu ikatoa mwanga hafifu, feni ikazunguka, na mita ikasoma volti 5. Kumbe mgonjwa alikuwa mzima!

Sababu ni hii. Sote tumeona pikapu za miraa. Ikitoka hapa imejaa, hutulia barabarani. Ikirudi tupu, hurukaruka. Kisanduku cha zamani ni vivyo hivyo. Hukatakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, kisha hurefusha au kufupisha mapigo hayo kulingana na matumizi. Kikikosa mtumiaji, hushindwa kujitawala: volti hupanda na kushuka, au hujizima chenyewe. Isitoshe, vingi huchunga volti 5 tu. Zile 12 hufuata nyuma. Diski yetu ya zamani ilikuwa ikitumia volti 12 kuzungusha mota yake. Kadi haina mota. Tuliutoa mzigo bila kujua.

Dawa yake ni mzigo bandia, yaani rezista inayokula umeme na kutoa joto tu. Jambo hili si geni. IBM ilipotoa kompyuta yake ya PC AT mwaka wa 1984, zile zilizouzwa bila diski kuu ziliwekewa rezista ya omu 5, yenye uwezo wa wati 50, kwenye volti 12. Tupige hesabu: 12 gawanya kwa 5 ni ampea 2.4, zidisha kwa 12, unapata wati 28.8. Ndiyo maana walichagua ya wati 50, isiungue.

Sisi tuliweka ya omu 10 kwenye plagi iliyokuwa ya diski, kati ya waya wa njano na mweusi. Hiyo hula ampea 1.2, yaani wati 14.4, kwa hivyo tulinunua ya wati 25 na kuifunga kwenye bati la kasha, karibu na feni. Balbu ni nzuri kwa kupima, lakini ikiwa baridi huvuta umeme mwingi mno mwanzoni, na kisanduku chaweza kugoma.

Mkitaka kujaribu, zingatieni haya:
1. Someni lebo kwanza. Nyingine huonyesha mzigo wa chini unaotakiwa.
2. Msifungue kisanduku chenyewe. Ndani mna kapasita ziwezazo kushika zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomolewa ukutani.
3. Rezista huchoma kama jiko. Msiiweke juu ya mbao wala karatasi.
4. Pimeni kabla ya kuunga bodi kuu: volti 5 iwe kati ya 4.75 na 5.25, na volti 12 kati ya 11.4 na 12.6.

Leo mashine haijizimi tena. Kati ya disketi saba, tano zimesomeka; mbili zimeharibika kabisa. Laiti tungalichelewa, tungalizipoteza zote.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mimi naongeza: kabla hujamwita mwenzio mvivu au maiti, uliza kwanza kama alipewa kazi. Kwaherini.