Jinsi ya Kusoma Matokeo ya KCSE Mtandaoni

Matokeo ya KCSE yanapotangazwa, kwa kawaida mapema Januari, familia nyingi kuanzia Balambala hadi Hulugho hutazama herufi moja tu: gredi ya wastani. Hata hivyo, herufi hiyo haielezi kila kitu. Asiyesoma ukurasa wote anaweza kukata tamaa bure au kukosa nafasi aliyostahili.

Kupata matokeo

Mtahiniwa hufungua tovuti ya Baraza la Mitihani la Kitaifa (KNEC), results.knec.ac.ke, kisha huandika nambari yake ya mtihani pamoja na jina. Nambari hiyo ina tarakimu 11: nane za kwanza ni za shule na tatu za mwisho ni za mtahiniwa. Jina liandikwe kama lilivyosajiliwa. Aliyesajiliwa "Mohamed" akiandika "Mohammed", huenda matokeo yasitokee, ingawa yapo.

Gredi ya wastani inavyopatikana

Kila gredi ina pointi zake: A ni 12, A- ni 11, B+ ni 10, B ni 9, B- ni 8, C+ ni 7, C ni 6, C- ni 5, D+ ni 4, D ni 3, D- ni 2, na E ni 1. Tangu mtihani wa 2023, masomo saba huhesabiwa: Hisabati, lugha moja, na mengine matano ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi.

Tuchukue mfano wa msichana aliyefanya masomo manane. Hisabati alipata D+ (4) na Kiswahili B (9). Kati ya yaliyobaki, matano bora ni Dini ya Kiislamu A- (11), Jiografia B- (8), Kiingereza C+ (7), Biolojia C (6) na Biashara C (6). Kemia, aliyopata C- (5), haihesabiwi. Jumla ni pointi 51 kati ya 84. Ukigawanya kwa saba unapata 7 na kidogo, yaani C+.

Herufi X ina maana kwamba mtahiniwa hakufanya mtihani. Y ina maana kwamba kulikuwa na udanganyifu.

Gredi hiyo inafungua mlango upi?

C+ ndiyo gredi ya chini ya kujiunga na shahada, C- ya stashahada, na D ya cheti. Mwenye gredi iliyo chini ya hapo bado anaweza kusomea ufundi. Kwa hivyo aliyepata D hajafika mwisho wa safari.

Gredi ya wastani pekee haitoshi. KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi nafasi vyuoni, huangalia pia masomo manne yanayohusiana na kozi. Msichana wa mfano wetu ana C+, lakini D+ ya Hisabati itamfungia kozi kama uhandisi, huku Kiswahili na Dini vikimpa nguvu katika ualimu wa masomo hayo. Ni vyema kusoma masharti ya kila kozi kabla ya kuichagua.

Yasiyopaswa kusahauliwa

Karatasi iliyochapishwa saiba si cheti. Cheti hutolewa na KNEC na huchukuliwa shuleni. Wizara ya Elimu imewaagiza walimu wakuu mara kadhaa wasizuie vyeti kwa sababu ya karo.

Mwenye malalamiko kuhusu matokeo huyapeleka kwa mwalimu mkuu, naye huyawasilisha KNEC. Asingoje, kwa kuwa muda wa kufanya hivyo ni mfupi. Vilevile, jina lililokosewa lishughulikiwe mapema, kabla halijapishana na lile la kitambulisho.

Mwisho, hakuna mtu anayeweza kubadilisha gredi kwa malipo. Anayepiga simu akiahidi hivyo ni tapeli. Pesa hizo ni afadhali ziwekwe kwa karo ya chuo.