Njia ya Mwanafunzi Kuelekea Mtihani wa Usajili wa Wahandisi

Tumfikirie mwanafunzi wa kidato cha tatu akaaye Gwata, jina la mahali litajwalo katika Wilaya za Kibaha na Kisarawe, Mkoa wa Pwani. Mwanafunzi huyu hahitaji kusafiri mbali ili aione kazi ya wahandisi. Katika Wilaya ya Kibaha yapita Reli ya Kati, ambayo ujenzi wake ulianza Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914. Yapita pia reli mpya ya kisasa, yenye vituo vya Soga na Ruvu, ambayo treni zake za abiria zilianza safari kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024. Huko Mlandizi upo mtambo wa Ruvu Juu, unaosafisha maji ya mto Ruvu na kuyasukuma hadi mjini.

Kazi za namna hiyo huanza kwa michoro na hesabu, na chini ya michoro hiyo hutiwa sahihi ya mtu. Je, mtu huyo hupataje haki ya kutia sahihi? Na mwanafunzi aitamaniye haki hiyo aanze lini kujiandaa? Katika makala haya tutaeleza kwamba maandalizi hayo hayangoji Chuo Kikuu. Sehemu yake kubwa ni mazoea, na mazoea hujengwa darasani, tangu sekondari.

Kwa nini wahandisi husajiliwa

Mtu aingiaye katika jengo haombi kuoneshwa hesabu za nguzo zake, wala abiria hasimamishi basi darajani ili aukague mhimili. Wote huamini. Imani hiyo ikivunjika, gharama yake hulipwa na watu ambao hawakushiriki katika kukosea. Tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya jiji la Dar es Salaam lilianguka, na watu 36 wakapoteza maisha. Ndiyo maana sheria haikuacha kazi hii kwa yeyote ajiitaye mhandisi.

Katika Marekani, jimbo la kwanza kutunga sheria ya kuwasajili wahandisi lilikuwa Wyoming, mwaka 1907. Chanzo chake kilikuwa maji. Watu wasio na ujuzi walikuwa wakichora ramani za kuombea haki ya maji ya kumwagilia mashamba, na kuzitia sahihi kana kwamba ni wapimaji au wahandisi. Serikali ya jimbo ikaona kwamba ramani mbovu huzaa ugomvi na hasara.

Hapa Tanzania sheria ya kwanza ya usajili wa wahandisi ilitungwa mwaka 1968. Nafasi yake ilichukuliwa na Sheria ya Usajili wa Wahandisi Namba 15 ya mwaka 1997, ambayo husimamiwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Miaka mitano baada ya sheria ile ya kwanza, yaani mwaka 1973, Kitivo cha Uhandisi kilifunguliwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na vijana wetu wakaanza kupata shahada ya fani hii nchini mwao.

Ngazi za usajili

Shahada peke yake haimfanyi mtu kuwa mhandisi kamili mbele ya sheria. Mwenye shahada inayotambuliwa huandikishwa kwanza kuwa mhandisi mhitimu. Kisha hufanya kazi kwa muda usiopungua miaka mitatu chini ya uangalizi wa mhandisi mzoefu aliyesajiliwa. Ili kuwasaidia wahitimu wapate mazoezi hayo kwa utaratibu, Bodi ilianzisha mpango maalumu wa mafunzo ya vitendo mwaka 2003. Akitimiza masharti, mhitimu huomba kupimwa, na akifaulu husajiliwa kuwa mhandisi mtaalamu. Juu ya ngazi hiyo ipo ngazi ya mhandisi mshauri.

Kanuni za upimaji huweza kubadilishwa mara kwa mara. Kwa hiyo kila mwombaji hana budi kuzisoma kanuni za wakati wake, wala asitegemee simulizi za waliomtangulia.

Mtihani hupima nini

Nchi mbalimbali hupima kwa njia mbalimbali. Marekani huanza na mtihani wa misingi ya uhandisi, ambao hata mwanafunzi akaribiaye kumaliza shahada huruhusiwa kuufanya. Mtihani huo una maswali 110, na muda wa kuyajibu ni saa 5 na dakika 20, yaani dakika 320. Tukigawanya, tunaona kwamba kila swali lina chini ya dakika tatu. Mtahiniwa hupewa kitabu cha kanuni na fomula, kwa hiyo hapimwi kwa kukariri. Hupimwa kama aweza kutambua upesi ni kanuni ipi inayofaa. Baadaye hufanya mtihani wa pili, wa kitaaluma.

Hapa kwetu uzito mkubwa umewekwa katika kazi aliyoifanya mwombaji mwenyewe. Huandika taarifa za kazi zake, na hutakiwa aweze kuzieleza na kuzitetea mbele ya wataalamu: kwa nini alichagua hivi na si vile, na angefanya nini mambo yangekwenda kinyume.

Njia hizi mbili zapima mambo yale yale matatu: kukokotoa kwa usahihi, kupima jambo kwa busara, na kuweka kumbukumbu za kweli. Tuyaangalie katika mfano mmoja.

Mfano: tangi la maji ya mvua

Shule inataka kukinga maji ya mvua. Paa la bweni limefunika eneo la mita 30 kwa mita 8. Imenyesha mvua ya milimita 40. Tangi lililopo ni la mviringo, lenye kipenyo cha mita 2.5 na kimo cha mita 2, nalo litawekwa juu ya mnara wenye nguzo nne. Je, tangi latosha? Na kila nguzo itabeba mzigo gani?

Hatua ya kwanza ni maji yapatikanayo. Eneo ni 30 × 8 = mita za mraba 240. Milimita 40 ni mita 0.04. Basi ujazo ni 240 × 0.04 = mita za ujazo 9.6. Lakini maji mengine hurukia nje na mengine hufurika katika mifereji. Tukichukua kwamba sehemu nane katika kumi ndizo zifikazo tangini, tunapata mita za ujazo 7.68, yaani lita 7,680.

Hatua ya pili ni ujazo wa tangi. Nusukipenyo ni mita 1.25. Ujazo ni 3.14 × 1.25 × 1.25 × 2, yaani karibu mita za ujazo 9.8, au lita 9,800. Tangi latosha, ikiwa lilikuwa tupu mvua ilipoanza.

Mwanafunzi aliyesahau kugawanya kipenyo kwa mbili angepata mita za ujazo 39.25, ambazo ni mara nne ya jibu sahihi. Angewezaje kuligundua kosa lake bila kuoneshwa na mwalimu? Alifikirie sanduku la mraba ambalo tangi hilo laingia barabara: 2.5 × 2.5 × 2 = mita za ujazo 12.5. Tangi lililo ndani ya sanduku haliwezi kulizidi sanduku. Ukaguzi huu huchukua nusu dakika.

Hatua ya tatu ni mzigo. Lita 9,800 za maji ni kilo 9,800. Uzito wake ni 9,800 × 9.81, yaani karibu nyutoni 96,000, au kilonyutoni 96. Tukigawanya kwa nguzo nne, kila nguzo yabeba kilonyutoni 24, bila kuhesabu uzito wa tangi lenyewe, wa mnara, wala nguvu ya upepo.

Mtahiniwa mwenye haraka ataishia hapo. Lakini mpimaji atamwuliza: “Umejuaje kwamba nguzo zote zitabeba sawa?” Msomaji na akumbuke kigoda cha miguu minne kilichowekwa juu ya sakafu isiyo sawa. Mguu mmoja ukining'inia, kigoda husimama kwa miguu mingine, na mzigo ulio katikati huelemea hasa miguu miwili inayokabiliana kwa mshazari. Mnara usiopindika nao ni vivyo hivyo. Nguzo moja ikititia, nguzo mbili za mshazari zaweza kubeba karibu mzigo wote, yaani kilonyutoni 48 kila moja, mara mbili ya hesabu yetu.

Na kwa nini nguzo ititie? Hebu turudi kwenye hatua ya pili. Tulisema tangi latosha ikiwa lilikuwa tupu. Mvua ya pili ikinyesha kabla maji hayajatumika, tangi litafurika, na maji yatakayomwagika yatalainisha udongo chini ya nguzo iliyo karibu. Hivyo bomba la kupitisha maji ya ziada, ambalo wengi hulidharau, ndilo huulinda mnara. Chini ya mnara huo watapanga foleni wanafunzi wenye ndoo.

Mazoea ya kuanza sasa

Kwanza, uwe na daftari la kazi. Andika tarehe, ulichokipima, chombo ulichotumia na aliyekusimamia. Kosa lisifutwe kwa raba. Likatwe kwa mstari mmoja ili lisomeke. Mhitimu aliyezoea hivi hatahangaika kukumbuka kazi za miaka mitatu wakati wa kuandika taarifa yake.

Pili, andika vizio katika kila mstari wa hesabu. Mwaka 1999 chombo cha Marekani kilichotumwa kwenye sayari ya Mirihi, Mars Climate Orbiter, kilipotea kwa sababu programu moja ilitoa matokeo kwa vizio vya Kiingereza, na watumiaji wakayachukulia kuwa ya vizio vya metriki.

Tatu, kadiria kabla ya kukokotoa. Kikokotoo hakijui kwamba tangi haliwezi kulizidi sanduku lake.

Nne, andika dhana zako. Neno “ikiwa” katika mfano wetu lilikuwa na thamani kubwa kuliko tarakimu zote.

Tano, jizoeze kufanya maswali kwa kuangalia saa, kisha rudia yale uliyokosa bila saa, mpaka ujue ulikosea wapi.

Sita, eleza kazi yako kwa lugha mbili. Masomo ya uhandisi hufundishwa kwa Kiingereza, lakini kamati ya maji ya kijiji hukutana kwa Kiswahili. Ambaye hawezi kumweleza mzee wa kijiji kwa nini bomba la ziada lahitajika, huenda yeye mwenyewe hajalielewa.

Mwalimu naye ana sehemu yake. Asitoe alama zote kwa jibu la mwisho. Aweke alama za dhana, za vizio na za ukaguzi. Awatoe wanafunzi nje wakapime paa la shule yao kwa kamba na rula. Na mwanafunzi asemapo “sijui, lakini nitapima,” asimcheke. Kusema hivyo ni sehemu ya maadili ya mhandisi, maana atiaye sahihi jambo asilolijua hujidanganya mwenyewe na kuwahatarisha wengine.

Mwanafunzi wetu wa Gwata bado ana miaka mingi kabla ya kufika mbele ya wapimaji wake. Atakapofika, wataitazama kwanza namna anavyofikiri, na hiyo haisomwi kwa usiku mmoja. Aanze na daftari, rula, na paa lililo juu ya kichwa chake.

Maswali ya zoezi

1. Paa la darasa limefunika eneo la mita 20 kwa mita 7. Ikinyesha mvua ya milimita 25, na sehemu nane katika kumi zikafika tangini, ni lita ngapi zitakingwa?

2. Tangi la mviringo lina kipenyo cha mita 2 na kimo cha mita 1.8. Kadiria ujazo wake kwa njia ya sanduku, kisha ukokotoe. Linganisha majibu mawili.

3. Tangi hilo likijaa, kila nguzo katika nne itabeba mzigo gani wa maji ikiwa zabeba sawa? Na ikiwa nguzo moja imetitia?

4. Taja dhana tatu ulizozitumia katika majibu yako, na ueleze jinsi utakavyozikagua shuleni kwako.