Dondoo muhimu: Kupiga picha vyumba na ngazi kwa lenzi pana

Lenzi pana huingiza chumba kizima kwenye picha, lakini usipoizuia hubadilisha na umbo lake.

Shika kamera sawasawa na sakafu kabla ya jambo jingine lolote. Ukiinamisha kidogo tu lenzi ya milimita 16, kuta huegemeana na milango hulala upande. Wapo wanaosema programu ya kompyuta itanyoosha yote baadaye. Itanyoosha, ndiyo, ila itakata kingo na kuvuta vitu vya pembeni. Kwa hiyo acha nafasi ya ziada kila upande.

Usitumie upana wote wa lenzi kwa sababu tu unao. Vyumba vya nyumba za kale za Mji Mkongwe, Zanzibar, na vya Lamu ni virefu na vyembamba, kwani upana wake ulitegemea urefu wa boriti za mikoko, takriban mita 2.5 hadi 3. Wembamba huo ndio uhai wa chumba, na milimita 14 huufuta na kukupa ukumbi usiokuwepo. Utasema huna pa kurudi nyuma: simama mlangoni, piga kwa urefu wa chumba, jaribu milimita 24. Usimweke mtu ukingoni. Uso wake utavutika.

Kwenye ngazi za kuzunguka, hapo elekeza kamera juu kabisa, ukiwa katikati ya uwazi wake. Tumia f/8, tripodi na kipima muda, kidole kisije kikaitikisa.