Fukusi na Ndugu Zake

Mahurunga iko karibu na mahali mto Ruvuma uingiapo baharini. Huko, kama katika nchi nyingi za pwani, chakula cha mwaka mzima hutegemea akiba iliyowekwa ghalani. Lakini yuko mdudu mdogo aitwaye fukusi, naye huila akiba hiyo pasipo kuonekana. Watu wengi hudhani ya kuwa fukusi wote wa nafaka ni wa namna moja, sivyo. Ni ndugu, nao ni watatu.

Alama ya ukoo wao ni mdomo mrefu, mfano wa mkonga wa ndovu. Jike hutoboa punje kwa mdomo huo, hutaga yai moja katika tundu, kisha huliziba kwa ute. Buu huanguliwa, hula moyo wa punje, na mumo humo hugeuka kuwa mdudu kamili. Ndipo hutoboa ganda na kutoka. Penye joto, kazi hiyo yote huisha kwa majuma 5 hivi. Basi punje ionekanayo nzima yaweza kuwa tupu ndani.

Ndugu wa kwanza ni fukusi wa ghala, Sitophilus granarius. Huyu hana madoa mgongoni, wala hawezi kuruka, maana hana mabawa ya kurukia. Makao yake hasa ni nchi za baridi.

Wa pili ni fukusi wa mchele, Sitophilus oryzae, aliyeelezwa na Linnaeus mwaka 1763. Wa tatu ni fukusi wa mahindi, Sitophilus zeamais, aliyeelezwa na Motschulsky mwaka 1855. Hawa wawili wana mabawa, na kila mmoja ana madoa manne yenye rangi ya wekundu juu ya mabawa yake magumu. Wamefanana mno, hata kwa miaka mingi wataalamu walidhani ni mdudu mmoja, mkubwa na mdogo.

Je, watatambulikanaje? Jina halitoshi, kwa maana fukusi wa mchele hula mahindi, na fukusi wa mahindi hula mchele. Ukubwa nao hautoshi. Fukusi wa mahindi kwa kawaida ni mkubwa zaidi na madoa yake hung'aa zaidi. Lakini aliyekulia katika punje ndogo huwa mdogo. Nyuma ya kichwa pana vijishimo vingi. Kwa fukusi wa mchele mara nyingi huonekana mstari mwembamba katikati usio na vijishimo. Alama ya hakika imo ndani ya mwili. Mtaalamu humpasua dume na kutazama kiungo chake cha uzazi kwa hadubini. Cha fukusi wa mahindi kina mifereji miwili juu yake; cha fukusi wa mchele ni laini.

Tofauti hiyo si ya bure. Fukusi wa mahindi ni hodari wa kuruka. Hutoka ghalani akaenda shambani, akataga katika mahindi yanayokauka kwenye mabua. Kwa hiyo kufagia ghala peke yake hakutoshi. Mkulima huvuna mara mahindi yakaukapo, huyaanika sana, hutenga magunzi yaliyotobolewa, wala hachanganyi nafaka mpya na ya zamani.

Tena yuko adui mwingine, dumuzi, aliyetoka Amerika ya Kati na kutambuliwa Tabora mwaka 1981. Huyu si ndugu wa fukusi. Hana mkonga, kichwa chake kimeinamishwa chini ya kifua, na nyuma yake ni kama imekatwa. Alipopita huacha unga mwingi. Dawa iuayo fukusi vizuri yaweza kumshindwa dumuzi. Atiaye dawa pasipo kumtambua mdudu aweza kupoteza fedha na chakula pamoja.

MASWALI

1. Kwa nini punje nzima yaweza kuwa tupu?
2. Fukusi wa ghala hutofautianaje na ndugu zake wawili?
3. Kwa nini ukubwa si alama ya hakika?
4. Fukusi huingiaje katika mahindi kabla ya mavuno?
5. Chukua punje zilizotobolewa, mtafute mdudu, ukamtazame: ana mkonga au hana?