SOMO LA IJUMAA: KUTENGENEZA NYUMBA KABLA YA KUIUZA

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.



Leo tunajibu swali ambalo waumini wa Mutarule, Luberizi na Sange huuliza wanapotaka kuuza nyumba: Je, nitengeneze kwanza, au niuze hivi hivi? Wengi huuliza kwa hesabu ya dola tu. Lakini nyumba si debe la mihogo. Mnunuzi anatia humo akiba ya miaka mingi, na watoto wake watalala chini ya kuta hizo.

1. DALILI
Imamu Muslim amepokea kutoka kwa Abu Huraira (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alipita sokoni penye rundo la chakula. Akaingiza mkono, vidole vikakuta unyevu. Mwenye mali alipoulizwa alisema kimepigwa na mvua. Mtume akamuuliza mbona hakukiweka juu watu wakione, kisha akaonya kwamba mwenye kughushi si katika sisi.

Zingatia, ndugu yangu. Mtume hakumlaumu kwa mvua. Wala hakumwamuru akaanike kwanza ndipo auze. Alimlaumu kwa kuficha. Basi jibu letu ni hili: kutengeneza ni hiari yako, kusema kasoro ni wajibu wako.

2. MATENGENEZO YENYE MANUFAA
Bati linalovuja ukilibadilisha, mlango uliovunjika ukiutia bawaba, mfereji ukiuchimba ili maji yasisimame msingini, umefanya vizuri, na ni halali yako kuongeza bei. Hapa piga hesabu. Ikiwa kazi itakula dola 300 na bei itapanda kwa dola 100, acha. Mwonyeshe mnunuzi palipoharibika, mkubaliane bei ya chini, naye atengeneze atakavyo.

3. MATENGENEZO YA KUFICHA
Nyumba zetu nyingi ni za matofali mabichi. Maji yakikaa msingini, udongo hulainika kutoka chini. Kuna mwenye kuuza ambaye hupaka simenti nyembamba juu yake, kisha chokaa, ukuta ukang'aa. Simenti haishikani vizuri na udongo, tena hufungia unyevu ndani. Mvua zikirudi, simenti hubanduka na ukuta unaweza kuanguka usiku juu ya waliolala. Hayo si matengenezo, ni ghushi.

Hukumu ni hiyo hiyo kwa kupaka rangi mbao zilizoliwa na mchwa, au kufunika shimo la choo lililojaa. Na mwenye nyumba Uvira asifute alama ya maji ukutani akanyamaza. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, watu wakafa na maelfu ya nyumba kubomoka. Mnunuzi aliyetoka mbali hajui maji yalifika wapi. Wewe unajua.

4. ASIYE NA UWEZO
Wengine huuza kwa dhiki: ugonjwa, karo, au khofu. Baada ya usiku wa tarehe 6 Juni 2014, walipouawa hapa Mutarule watu zaidi ya 30, familia nyingi zilihama. Mwenye kuuza kwa haraka halazimiki kutengeneza chochote. Aseme ukweli, inamtosha. Nawe mnunuzi usifanye dhiki ya ndugu yako kuwa mtaji wako.

5. HAKI YA MNUNUZI
Kasoro ya zamani iliyofichwa ikidhihiri, mnunuzi ana khiyari: arudishe nyumba achukue fedha zake, au aridhike nayo. Asikawie akishaijua. Na kusema "nimekuuzia kama ilivyo" hakumwokoi muuzaji aliyejua akanyamaza.

Ipo kasoro ambayo simenti haiitengenezi: nyumba ya mirathi ambayo warithi wengine hawajaridhia, au parseli yenye ugomvi wa mpaka. Kwa sheria ya nchi ya tarehe 20 Julai 1973, udongo ni mali ya Serikali. Unachouza ni jengo na haki yako juu ya kiwanja. Basi onyesha karatasi zako zote, na kama huna, sema huna.

6. LA KUFANYA
Zunguka nyumba pamoja na mnunuzi, kuanzia msingi hadi paa, mchana kweupe. Andikeni kasoro zote katika karatasi ya mauzo, kisha mshuhudishe, kama tulivyoamrishwa katika Suratul-Baqara, aya ya 282.

Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba wenye kuuziana wakisema kweli na kubainisha, hubarikiwa katika biashara yao, wakificha na kusema uongo, baraka hufutwa. Dola 200 ulizozipata kwa chokaa zitakwisha. Ukuta ukianguka, utaulizwa.

Ewe Mola wetu, tupe riziki ya halali, zihifadhi nyumba zetu na waliomo, na utuepushe na kula mali ya ndugu zetu kwa batili. Amin.